Sheria ya Ulaya inayolaumiwa bado haijatungwa

Tarehe 5 Desemba 2025 Kamisheni ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, iliutoza mtandao wa X faini ya euro milioni 120, na kabla jua halijazama habari ilikuwa imeshabadilika sura. Kwenye kundi la WhatsApp la watu niliosoma nao, mmoja wetu alitupia kiungo na kuandika kwamba Ulaya sasa inawatoza watu faini kwa midomo yao. Hakuna aliyembishia, na mimi nilinyamaza kwa kuwa nilidhani ndivyo. Nilipofuatilia uamuzi wenyewe nikakuta hautokani na kauli ya mtu yeyote. Makosa yalikuwa matatu, na yote makavu: alama ya bluu inayouzwa kwa kila mwenye pesa huku watumiaji wakiichukulia kuwa ni uthibitisho wa mtu halisi, hifadhi ya matangazo ya kulipia isiyokaguliwa kirahisi, na watafiti kunyimwa data za wazi ambazo sheria inawapa. Hilo halikuwazuia wanasiasa wa Marekani kulalamika kwamba uhuru wa maoni umenyongwa, na mwezi haukuisha kabla Washington haijatangaza kumzuia Thierry Breton, kamishna wa zamani wa Ulaya, kuingia nchini humo. Wimbo wenyewe ulikuwa umeanzishwa Februari ya mwaka huo huo, pale makamu wa rais J.D. Vance alipowaambia viongozi waliokusanyika Munich kwamba tishio linalomtia wasiwasi zaidi kuhusu Ulaya si Urusi wala China, bali linatoka ndani ya Ulaya yenyewe, akimaanisha uhuru wa maoni kubanwa.

Nadhani picha imegeuzwa juu chini. Sheria moja ya Ulaya dhidi ya kauli za chuki na uhalifu wa chuki, ile inayotajwa kama rungu linalozunguka kutafuta vichwa, haipo. Kilichopo ni kipande kilichopitishwa mwaka 2008, kinachoyaacha nje makundi mengi na kutekelezwa na kila nchi kwa namna yake, na jaribio la kukikamilisha limekwama mezani kwa mawaziri tangu mwaka 2021. Naamini sheria hiyo inahitajika, tena inahitajika hata na wale wanaoiogopa, mradi iandikwe kwa mkono mwembamba.

Tuanze na majina, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliyoko Strasbourg si chombo cha Umoja wa Ulaya. Ni ya Baraza la Ulaya, lenye nchi wanachama 46, Uingereza na Uturuki zikiwemo. Umoja wa Ulaya una nchi 27 na mahakama yake iko Luxembourg. Strasbourg inaweza kuiambia nchi kwamba imekanyaga haki ya mtu, lakini haitungi sheria za jinai. Katika shauri la Handyside, mwaka 1976, ilisema uhuru wa kujieleza unalinda hata maneno yanayoudhi, kushtua au kusumbua. Mwaka 1994 iliikosoa Denmark kwa kumtia hatiani mwandishi wa habari Jersild, ambaye kosa lake lilikuwa kuwahoji vijana wabaguzi na kurusha maneno yao kwenye televisheni. Januari 2020 ikaigeukia Lithuania kwa sababu ya upande wa pili: mamlaka zake zilikataa hata kufungua uchunguzi baada ya vijana wawili wa kiume kuweka Facebook picha wakibusiana na kumiminiwa maoni ya kutaka wauawe. Ukiziweka hukumu hizo tatu pamoja unauona mpaka wenyewe. Anayeudhi analindwa, anayeripoti analindwa, na anayetaka watu wauawe kwa jinsi walivyo hawezi kuachwa hivi hivi. Mpaka upo, umechorwa na majaji kwa zaidi ya miaka arobaini. Kinachokosekana ni sheria zinazoufuata kwa namna moja.

Kile kipande nilichokitaja ni uamuzi wa Umoja wa Ulaya wa tarehe 28 Novemba 2008. Unazitaka nchi zote zifanye kuwa kosa la jinai kuchochea hadharani vurugu au chuki dhidi ya watu kwa sababu ya rangi, dini, nasaba, au asili ya taifa au kabila, na pia kukana mauaji ya kimbari pale ukanaji huo unapoelekea kuchochea chuki. Adhabu ya juu kabisa iwe angalau kati ya mwaka 1 na miaka 3. Nchi zilipewa miaka miwili kurekebisha vitabu vyao, lakini Oktoba 2020 Kamisheni ilikuwa bado inaziandikia Estonia na Romania barua rasmi za kuanza kuzichukulia hatua kwa kutotekeleza. Na orodha inaishia hapo. Jinsia haimo, ulemavu haumo, umri haumo, wapenzi wa jinsia moja hawamo. Mtu anayepigwa mitaani kwa sababu ya kiti chake cha magurudumu ana kinga ya ziada katika nchi fulani, na akivuka mpaka ambao hauna hata kizuizi cha barabarani, kinga hiyo inabaki nyuma.

Kwa nini orodha isiongezwe tu? Hapa kuna kifundo ambacho wachambuzi wengi hawakigusi. Mkataba wa Utendaji wa Umoja wa Ulaya, kifungu cha 83, unautajia Umoja maeneo tisa ambayo unaweza kuyatungia kanuni za pamoja za jinai: ugaidi, usafirishaji haramu wa binadamu na unyonyaji wa kingono wa wanawake na watoto, dawa za kulevya, silaha, utakatishaji wa fedha, rushwa, kughushi njia za malipo, uhalifu wa kompyuta na magenge ya uhalifu. Kuongeza eneo jingine kunahitaji mawaziri wa nchi zote waseme ndiyo, pasiwe na hata mmoja anayekataa, na Bunge la Ulaya liridhie. Ursula von der Leyen aliahidi jambo hilo Septemba 2020, Kamisheni ikaleta pendekezo Desemba 2021, na kufikia Machi 2022 idadi kubwa ya nchi zilikuwa zimeunga mkono. Idadi kubwa haitoshi. Tarehe 18 Januari 2024 Bunge lilipiga kura 397 dhidi ya 121, likiwataka mawaziri waache kulikalia jambo hilo. Wakaendelea kulikalia. Sababu ni kwamba mlango huo, ukishafunguliwa kwa kauli moja, haufungwi kwa kauli ya mmoja. Sheria zitakazofuata zitapita kwa wingi maalumu wa kura, na nchi iliyopinga inaweza kujikuta ikiburuzwa pamoja na wengine. Kwa hiyo serikali inayosita leo haikatai neno hili au lile ndani ya sheria, kwa maana sheria yenyewe haijaandikwa. Inakataa kuukabidhi ufunguo.

Mtu atasema kauli moja ya nchi 27 ni ndoto. Si kweli. Mei 2022, Urusi ikiwa imeivamia Ukraine, Kamisheni ilipendekeza ukiukaji wa vikwazo vya Umoja uingizwe kwenye orodha ile ile, kwa kifungu kile kile, kwa masharti yale yale. Tarehe 28 Novemba mwaka huo mawaziri walikubali. Miezi sita. Anayeficha boti ya tajiri aliyewekewa vikwazo alipatikana haraka kuliko anayehubiri kwamba jirani yake auawe.

Na kwa kuwa mlango mkuu umefungwa, watu wameingilia dirishani. Mei 2024 Umoja ulipitisha agizo la kupambana na ukatili dhidi ya wanawake, ambalo ndani yake limo kosa la kuchochea chuki au vurugu mtandaoni kwa misingi ya jinsia. Liliwezekana kwa sababu uhalifu wa kompyuta umo kwenye orodha tangu zamani. Nchi zina hadi tarehe 14 Juni 2027 kulitekeleza. Ni hatua njema, lakini tazama inakotufikisha. Mwanaume akiandika mtandaoni kwamba wanawake wa mtaa fulani wabakwe, kanuni ya pamoja ya Ulaya itamfikia. Akisimama juu ya kiti sokoni na kusema maneno hayo hayo kwa kipaza sauti, haitamfikia, kwa sababu kipaza sauti si kompyuta. Sheria ikishonwa kwa viraka, matokeo ndiyo hayo.

Mfano ninaouona kuwa bora kuliko yote uko kwenye daraja la Øresund, kati ya Copenhagen na Malmö, safari ya treni isiyofika saa nzima. Rasmus Paludan, kiongozi wa chama kidogo cha mrengo mkali wa kulia nchini Denmark, alikuwa ameshatiwa hatiani kwao kwa kauli za kibaguzi alipoanza kuvuka kwenda Uswidi na kuchoma Msahafu hadharani. Agosti 2020 Uswidi ilimpiga marufuku ya miaka miwili, kisha ikabainika kwamba kwa upande wa baba yake yeye ni raia wa Uswidi, na marufuku ikayeyuka. Pasaka ya mwaka 2022 ziara zake zilizua ghasia katika miji kadhaa, Malmö na Örebro ikiwemo. Januari 2023 aliuchoma tena mbele ya ubalozi wa Uturuki mjini Stockholm, na hapo wasomaji wa pwani yetu wakalijua jina lake.

Kilichofuata kinafundisha kuliko moto wenyewe. Nchi hizo mbili jirani, zinazoelewana hata lugha, zilichukua njia mbili. Denmark, iliyokuwa imefuta sheria ya kukufuru mwaka 2017, ilirudi nyuma na Desemba 2023 bunge lake likapitisha kwa kura 94 dhidi ya 77 sheria inayokataza kuvitendea isivyostahili vitabu vitakatifu hadharani. Uswidi haikukigusa kitabu. Mahakama zake ziliuliza swali jingine: huyu mtu alipokuwa akichoma alisema nini juu ya watu? Novemba 2024 mahakama ya wilaya ya Malmö ilimhukumu Paludan kifungo cha miezi minne kwa uchochezi dhidi ya kundi la watu, kwa maneno yaliyoambatana na vitendo vyake vya mwaka 2022. Yaani Denmark imekilinda kitabu, Uswidi imewalinda watu. Najua wengi kati ya wanaonisoma wangechagua njia ya Denmark bila kufikiri mara mbili, na ninaelewa uchungu uliopo nyuma ya chaguo hilo. Hata hivyo nadhani Uswidi ndiyo iliyopatia, na uamuzi wa 2008 uko upande wake: unamlinda muumini, hauilindi imani isijadiliwe. Sheria inayolinda kitabu leo itatumika kesho kumfunga Muislamu anayemjibu mhubiri kwa hoja kali, kwa sababu wenye vitabu ni wengi na kila mmoja ana cha kukasirikia. Sheria inayolinda watu haina mtego huo. Kanuni moja ya Ulaya iliyoandikwa hivyo isingeibana Denmark, ambayo haishiriki katika sheria mpya za jinai za Umoja, lakini ingeipa mfano kabla haijabuni yake kwa haraka huku balozi zake zikiandamanwa.

Hapa niingize lawama ninayoisikia sana huku kwetu, kwamba sheria za chuki za Ulaya ni za Wayahudi tu na kwamba Mwafrika na Muislamu hawamo. Kwa maandishi, lawama hiyo haina msingi: uamuzi wa 2008 unataja rangi na dini bila kumtaja yeyote kwa jina. Kwa utekelezaji, ina uzito wake. Wakala wa haki za msingi wa Umoja wa Ulaya uliwahoji watu weusi katika nchi 13, na ripoti yake ya mwaka 2023 inaonyesha asilimia 45 walibaguliwa kwa rangi yao katika miaka mitano iliyotangulia, kutoka asilimia 39 kwenye uchunguzi wa 2016. Ujerumani na Austria zilipita asilimia 70. Hizo ni nchi zenye vifungu vya kutosha vitabuni.

Cécile Kyenge anaijua tofauti kati ya kifungu na kinga kuliko wengi. Alizaliwa Kambove, Katanga, eneo la Kongo ambalo Kiswahili ndicho lugha ya soko na ya mgodi, akaenda Italia kusomea udaktari wa macho, na Aprili 2013 akawa waziri wa kwanza mweusi katika historia ya nchi hiyo. Ndani ya miezi mitatu seneta Roberto Calderoli alimfananisha na nyani mbele ya mkutano wa hadhara, mtu mmoja akamrushia ndizi akiwa jukwaani, na diwani wa Padova wa chama hicho hicho cha Calderoli akaweka picha yake Facebook akiuliza kwa nini hakuna anayembaka. Diwani alihukumiwa kwa haraka, kifungo cha miezi 13 kilichoahirishwa. Seneta ni hadithi nyingine. Mwaka 2015 Seneti ilipiga kura ya kumkinga, mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ikaifuta kinga hiyo, mwaka 2019 mahakama ya Bergamo ikampa miezi 18, na baadaye hukumu hiyo ikafutwa kwenye rufaa. Nakiri kwamba sheria ya pamoja isingemgusa seneta huyo, kwa kuwa kinga ya wabunge ingebaki palepale. Ninachotaka tukione ni yule diwani. Alinaswa kwa sababu sheria ya Italia ya mwaka 1993 inataja rangi. Angemwandikia maneno yale mwanamke Mwitalia mweupe, sheria hiyo isingekuwa na la kusema, na mswada uliotaka kuongeza jinsia, ulemavu na wapenzi wa jinsia moja ulizikwa Seneti tarehe 27 Oktoba 2021 huku baadhi ya maseneta wakipiga makofi.

Wapenzi wa soka wana mfano wao. Vinícius Júnior aliitwa nyani uwanjani Mestalla, Valencia, Mei 2023, na Juni 2024 mashabiki watatu wakapewa miezi minane kila mmoja. Ilikuwa mara ya kwanza Uhispania kumtia mtu hatiani kwa matusi ya kibaguzi uwanjani, na hata hapo kosa lililotumika lilikuwa la kudhalilisha utu wa mtu, ubaguzi ukiongezwa kama jambo la kuzidisha uzito. Ilibidi kusubiri Mei 2025, katika kesi ya Valladolid, ili matusi ya uwanjani yaitwe uhalifu wa chuki kwa jina lake. Mchezaji yule yule, tusi lile lile, nchi ile ile. Sasa zidisha mara 27.

Wanaopinga hawana hoja moja. Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayopigiwa kelele zaidi: kwamba maneno ni maneno, hayavunji mfupa, na anayeudhika azime simu. Kwa mtu aliyekulia Afrika Mashariki hoja hiyo haihitaji kitabu kuijibu. Mwaka 1994 redio ya RTLM ya Rwanda ilikuwa na mtangazaji Mzungu, Georges Ruggiu, Mbelgiji mwenye asili ya Italia, aliyehimiza mauaji ya Watutsi kwa Kifaransa fasaha. Alikamatwa Mombasa mwaka 1997, akakiri makosa yake mbele ya mahakama ya kimataifa mjini Arusha, akahukumiwa miaka 12 Juni 2000, na sehemu ya kifungo akamalizia Italia. Uchochezi ule ulisemwa na raia wa Umoja wa Ulaya, na haki ikatendeka chini ya mlima Meru. Tena Arusha ilifanya jambo ambalo wapinzani wa sheria wangepaswa kulipenda. Katika kesi ya vyombo vya habari, majaji wa rufaa mwaka 2007 walitenganisha kauli za chuki na uchochezi wa moja kwa moja wa mauaji ya kimbari, wakakataa kuvichanganya, na wakawapunguzia adhabu washtakiwa wote watatu. Inawezekana kuadhibu uchochezi bila kuadhibu kila neno baya. Imeshafanyika, na haikufanyika Ulaya.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ya historia. Kifungu cha 130 cha sheria ya jinai ya Ujerumani kimetoka kwenye majivu ya Wanazi. Estonia ina kumbukumbu nyingine: huko, kwa miongo kadhaa, aliyefungwa kwa maneno alifungwa na dola ya Kisovieti. Mwestonia anayesita kumpa mwendesha mashtaka mamlaka juu ya midomo ya watu si lazima awe mbaguzi. Huenda ana babu aliyepelekwa Siberia. Kumjibu kwa kumpa mihadhara ya maadili ni utovu wa adabu. Anachostahili ni maandishi mafupi yasiyonyumbulika.

Ya tatu ndiyo inayonikosesha usingizi: sheria itatumiwa vibaya. Tunaijua sisi. Kenya ilitunga sheria ya mshikamano wa kitaifa mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi zilizoua zaidi ya watu 1,100. Kifungu cha 13 kinatoa faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha hadi miaka mitatu, na tangu hapo wanasiasa wameingia na kutoka mahakamani wakipunga mikono, waliotiwa hatiani wakihesabika kwa vidole. Ulaya nayo si malaika. Mwaka 2024 polisi walipekua nyumba ya mzee mmoja huko Bavaria aliyesambaza picha ya kumwita waziri Robert Habeck mpumbavu. Rapa wa Uhispania anayejulikana kama Valtònyc alihukumiwa miaka mitatu na nusu kwa mashairi yaliyomgusa mfalme na mengineyo, akakimbilia Ubelgiji mwaka 2018, na mahakama za huko zikakataa kumrudisha. Sheria za kulinda heshima ya wakubwa hazifanani kabisa na sheria za kulinda wanyonge, lakini mwendesha mashtaka mvivu anazishika kwa mkono ule ule.

Kuna ugumu mwingine ambao watetezi wa sheria ya pamoja hupenda kuuruka. Kifungu cha 83 kinaruhusu kanuni za kiwango cha chini tu. Brussels inaweza kuiambia nchi ni lipi lisikose kuwa kosa. Kuikataza kuongeza makosa yake yenyewe, haiwezi. Kwa hiyo anayesema sheria ya Ulaya itaweka dari juu ya serikali zenye hamu ya kufunga midomo, anasema zaidi ya yaliyoandikwa. Jibu langu ni la pembeni kidogo. Nchi inapotekeleza sheria ya Umoja, Hati ya Haki za Msingi inaingia pamoja nayo, kifungu chake cha 11 cha uhuru wa kujieleza kikiwemo, na mahakama ya Luxembourg inapata mamlaka ya kutazama. Kosa la chuki likiwa la kitaifa tupu, mshtakiwa anazungushwa ndani ya mahakama zake, kisha aanze safari ya miaka kwenda Strasbourg. Likiwa na mizizi ya Umoja, hakimu wa wilaya anaweza kusimamisha kesi na kuuliza Luxembourg katikati ya njia. Kwa mtu anayeiogopa serikali yake, mlango huo una thamani kuliko hotuba ya Munich.

Ningekuwa mezani na mawaziri, ningeomba vitu viwili vilivyofungwa pamoja vitenganishwe kwanza. Uhalifu wa chuki ni rahisi. Kupiga, kuchoma nyumba na kuua ni makosa kila mahali, na kinachoongezwa ni uzito wa nia. Luca Traini alipowafyatulia risasi Waafrika mjini Macerata Februari 2018 na kuwajeruhi sita, hakuna aliyehitaji kujadili uhuru wa maoni ili kumpa miaka 12. Kauli za chuki ndizo ngumu, na kwa kuzibeba kwenye kikapu kimoja Kamisheni imefanya vyote viwili vikwame. Ireland ililiona hilo. Septemba 2024 waziri wa sheria Helen McEntee aliondoa sehemu ya kauli kwenye mswada wake baada ya upinzani mkali juu ya tafsiri ya neno chuki, na sehemu ya uhalifu ikaanza kutumika tarehe 31 Desemba. Lakini Ireland hiyo hiyo ndiyo yenye makao ya Ulaya ya Meta, Google, TikTok na X, na kwa kauli bado inategemea sheria ya mwaka 1989, kabla mtu wa kawaida hajaijua intaneti. Sheria ya Umoja ya huduma za kidijitali, ile iliyotumika kuitoza X faini, inayotumika kikamilifu tangu Februari 2024 na inayoweza kuitoza kampuni hadi asilimia 6 ya mapato yake ya dunia nzima, haitafsiri kipi ni haramu. Inasema haramu ni kile ambacho sheria ya Umoja au ya nchi imekiita haramu. Kampuni zinakabidhiwa orodha 27 na kutishiwa faini moja, na kampuni iliyotishwa hivyo hufanya kilicho rahisi: hufuta hata kisichostahili kufutwa, au hukaa kimya mpaka ishtakiwe. Hofu ya udhibiti anayoisema Vance inalelewa na mseto huu, na sheria ya pamoja ingeupunguza.

Kwa kauli, basi, ningetaka maneno machache. Uchochezi uwe wa hadharani, uwe wa makusudi, uwaelekee watu kwa jinsi walivyo, na hatari ya vurugu au ya kunyimwa haki zao ionekane. Matusi yabaki nje. Dini ibaki nje, waumini wabaki ndani. Maoni juu ya vita vya Gaza, uhamiaji au ndoa yabaki nje hata yakiwa makali kama pilipili mbuzi. Sidhani maneno hayo yatapita upesi. Poland ilijaribu peke yake kuongeza jinsia, ulemavu, umri na wapenzi wa jinsia moja, bunge likapitisha Machi 2025, rais akaupeleka mswada kwenye mahakama ya katiba, na Septemba mahakama ikaukataa. Hungary nayo, kufikia mwisho wa mwaka 2025, haikuwa imeonyesha dalili ya kulegea.

Kwa hiyo tarehe ya kuangalia ni ile ya agizo la wanawake, 14 Juni 2027. Siku hiyo mama kutoka Likasi au Bujumbura anayefanya usafi kwenye hospitali ya Padova, akitishiwa kubakwa kupitia simu yake, atakuwa na kanuni moja ya kushika, iwe Italia, Estonia au Ireland. Akishuka kwenye basi na kuambiwa hayo hayo uso kwa uso, itabidi kwanza aulize yuko nchi gani.